Mafuta ya Bi Asia na Jua la Kyela

Uso wangu uliungua msibani. Nalitanguliza hilo ili watu wasinionee huruma ya bure: sikumwagiwa na mume wala mke mwenza. Ilikuwa Nkunga, kwenye msiba wa baba yangu mdogo, wanawake kumi na wawili tukipika na kila mmoja akijiona ndiye mpishi mkuu. Mmoja akavuta kuni bila kusema, figa likateleza kwenye tope, na sufuria la maharage likatuinamia. Wenzangu walirudi nyuma. Mimi mjuaji nikataka kulidaka, mchuzi ukanirukia shavu la kushoto mpaka shingoni. Hiyo ilikuwa Novemba ya mwaka tisini na moja, na mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yake.

Zahanati walinisafisha vizuri, wakanipa vidonge na kuniambia kidonda kitapona. Kuhusu kovu, tabibu alisema hilo sasa ni la Mungu. Mama akaitikia, "Ndiyo, la Mungu na la Bi Asia," akanishika mkono tukaenda Ibighi.

Bi Asia Mansuri alikuwa mjane wa fundi cherehani. Baba yake alikuja Tukuyu zamani na robota la nguo kichwani, akaoa, akazeeka, akazikwa hapa hapa. Bi Asia mwenyewe alizaliwa hapa na alisema Kinyakyusa kizuri kuliko mimi, lakini wazee bado walimwita mgeni. Hakuwa na shamba wala ukoo wa kumtetea. Alichokuwa nacho ni jina. Wachuma chai waliojikata walipita kwake akawasagia majani ya kishonanguo, akina mama waliopasuliwa walikuja kupakwa matumbo, na watoto walioungua kwa uji waliletwa mgongoni. Mtu akisema "dawa ya Bi Asia" hakuna aliyeuliza ni ipi. Yeye alikuwa akituambia, "Jina langu ndiyo migomba yangu. Likikauka, nitakula nini?"

Siku ya kwanza alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia mama, "Binti yako mzuri. Atarudi kuwa mzuri." Nililia pale pale, maana tangu niungue hakuna aliyethubutu kulitaja neno hilo mbele yangu.

Alianza na asali, akafunika kwa jani changa la mgomba alilolipasha kwenye moto mpaka likalegea. Kila siku jani jipya. Ngozi ilipofunga ndipo akaanza mafuta. Aliyapika mwenyewe: nyonyo alizikaanga, akazitwanga, akazichemsha, akaengua mafuta yaliyoelea, maparachichi yaliyoiva aliyaponda na kuyaweka kwenye moto mdogo siku nzima mpaka mafuta yakajitenga. Alichanganya hayo mawili, akayatia kwenye chupa za soda na kuziba kwa gunzi la hindi.

Sijui niwaelezeje jioni zile. Nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha chai, idara ya kuchambua. Nikitoka zamu nilikwenda Ibighi, nikajilaza kwenye mkeka barazani, kichwa mapajani kwa Bi Asia. Ukungu ulipanda kutoka migombani ukaingia barazani bila hodi. Kidole gumba chake kilizunguka shavuni mwangu, polepole, mviringo juu ya mviringo, na midomo yake ilinong'ona kitu ambacho sikujua kama ni dua au ni hesabu. Sauti za watu wapitao barabarani zilinifikia bila miguu wala nyuso. Nilikuwa nusu usingizini. Humo nilijiona nimesimama mbele ya kwaya tena, naongoza wimbo, uso wazi. Tangu niungue nilikuwa nimehamia benchi la nyuma na kitenge kimefika jichoni, na sauti yangu imebaki kifuani. Nilitaka kurudi mbele. Sikutaka kingine chochote duniani, na Bi Asia alilijua hilo.

Kitu kimoja tu kilinikera. Yale mafuta yalinuka. Mimi sina breki ya mdomo, nikamwambia, "Bi Asia, shikamoo yako naitoa kwa heshima, lakini mafuta yako yananuka kama chakula cha juzi."

Akacheka mpaka mkeka ukatikisika. Lakini lilimwingia, kwa kuwa sikuwa wa kwanza. Zilikuwa zama za ruksa. Maduka ya Tukuyu, yaliyokuwa na rafu tupu na muuza duka anayesinzia, yalijaa sasa sabuni za rangi rangi na losheni zilizopita mpakani, zinanukia kabla hujafungua kifuniko. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Wateja wa Bi Asia walianza kununua harufu kwanza na dawa baadaye.

Basi mwezi Machi akapata akili. Aliagiza ndimu, akakwangua maganda mabichi, akayakamua na kuyaloweka kwenye mafuta. Baraza zima likanukia. Akayajaribu kama alivyojaribu kila kitu: kwake mwenyewe, kwa mwanawe Yussuph, kisha kwangu, wiki sita nzima. Hakuna aliyewashwa. Kovu langu likazidi kufifia. Kufika Juni ilibidi mtu anikaribie sana ndipo alione, na Jumapili moja nikaviringisha kitenge, nikakiacha nyumbani, nikaenda kusimama mbele. Niliimba vibaya kwa furaha. Mama, ambaye siku zote aliishia barazani kwa kuogopa kuingia nyumba ya Mwislamu, aliingia mpaka ndani na mkungu wa ndizi na kumwambia Bi Asia, "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu amerudi."

Julai kiwanda kikapunguza watu, nami nikapunguzwa. Sikukaa kulia. Nilichukua viazi vya Isongole, nikapanda juu ya lori, nikateremka Kyela kuuza ili nirudi na mchele. Bi Asia alinipa chupa nzima ya mafuta ya ndimu. "Paka asubuhi na jioni, mwanangu. Usiache hata siku moja."

Anayeijua Tukuyu peke yake haijui Kyela, ingawa ni mwendo wa kuteremka tu. Unashuka, koti linakuwa zito, unalivua, unashuka tena, na chini kule Agosti jua linakusubiri limekaa. Nilitandaza viazi vyangu sokoni mahali pasipo na kivuli, maana vivuli vilikuwa na wenyewe. Nilikuwa nimepaka mafuta vizuri. Kutwa nzima nilikaa nanukia ndimu, mchele mweupe kila upande, hewa inatetemeka juu ya ardhi, watu wanakuja kama wanaelea. Niliona ni ndoto nzuri. Nikapaka kesho yake tena.

Siku ya tatu shavu likawaka moto. Likavimba, likatoa malengelenge. Yalipokauka yaliacha weusi mzito wenye pembe na michirizi, kutoka chini ya jicho hadi shingoni, mahali pale pale. Mwenye nyumba niliyofikia alinipa kioo, nikakitazama, nikakirudisha. Viazi vilivyobaki sikumbuki niliwaachia akina nani.

Nilifika Ibighi mchana, kitenge jichoni, hasira kooni. Barazani kulikuwa na wateja wanne. Nilikishusha kitenge mbele yao wote. "Tazama kazi yako!"

Bi Asia alisimama, kijiko kikamwanguka. Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea. "Umechanganya na losheni ya dukani?"

"Mimi?"

"Semeni ukweli, mabinti wa siku hizi. Mnapaka vya kujichubua, halafu mnakuja kwangu."

Moyo ulinikatika. Ningempa ngozi ya uso wangu wote kama angeomba, naye ananiita mwongo mbele ya watu. Nikamwambia yeye ndiye mwongo, kwamba ameniharibu, kwamba hata tabibu wa zahanati hakuniahidi asichokiweza. Wateja wawili waliinuka taratibu wakaondoka. Bi Asia aliwatazama wakienda. Uso wake ulikuwa umekauka, nikajua anaiona migomba yake.

Nilipofika njiani aliniita. Hakupandisha sauti. "Debora, kule Kyela ulikuwa unapaka saa ngapi?"

"Asubuhi, kama ulivyoniagiza."

"Na ukakaa wapi?"

"Juani! Ningekaa wapi, ikulu?"

Aliinama akaokota kijiko chake. Nikaenda zangu, na njia nzima niliapa kwamba baraza lile silikanyagi tena.

Kesho yake nyumba ya Bi Asia ilikuwa imefungwa. Siku ya pili hivyo hivyo. Mji ukapata la kusema. Amekimbia, walisema, mgeni ni mgeni tu, mficha maradhi kifo humuumbua. Nakiri nilifurahi. Nilijifungia ndani, dirisha nusu, nikilala mchana na kuota vidole vinanipaka, nikiamka na hasira upya kwa sababu ndani ya ndoto vilikuwa vitamu. Kwaya walituma mtu kuniulizia. Mama aliwaambia nina malaria.

Siku ya kumi alikuja mwenyewe kwetu, akapiga hodi. Mama alisita mlangoni, kisha akampisha. Mimi nilikuwa nimegeukia ukutani.

"Debora, mwanangu. Geuka."

"Sigeuki."

"Basi nitasimama hapa mpaka jioni. Miguu yangu mibovu, unajua."

Nikageuka ili nimtukane vizuri. Ushungi wake aliokuwa akiuvaa mpaka kwenye nyusi alikuwa ameusukuma nyuma na kuubana kwa pini. Shavu lake la kushoto, kuanzia chini ya jicho mpaka shingoni, lilikuwa jeusi, lenye pembe na michirizi, bado limevimba kidogo. Shavu la kulia lilikuwa safi kabisa.

Aliketi kwenye kigoda akanieleza, kwa sauti ile ile ya barazani. Alikuwa ameteremka Kyela akafikia kwa rafiki wa marehemu mumewe. Shavu la kulia alipaka mafuta yake ya zamani, yasiyo na ndimu. La kushoto alipaka ya ndimu, kama yale aliyonipa. Akaenda kuketi sokoni mahali pasipo na kivuli, siku mbili, kuanzia asubuhi hadi saa tisa. "Ni ndimu, mwanangu. Ndimu na jua. Huku kwetu niliijaribu masika, mimi nipo barazani, wewe upo ndani ya kiwanda, nje ukungu. Jua tulikuwa hatuna. Nilidhani nimeijaribu dawa, kumbe nimeijaribu Tukuyu tu."

Nililitazama lile shavu la mwanamke wa miaka sitini. "Kwa nini usoni, Bi Asia? Si ungejaribu mkononi?"

"Mkononi ningejua tu," alisema. "Wewe hukuungua mkononi. Na mimi nilikuita mwongo mbele ya watu."

Mama alitoka nje, akajifanya anafukuza kuku.  Mwisho nilimwambia lile lililoanza kunichoma alipoitaja ndimu, kwamba ni mimi niliyesema mafuta yake yananuka. Alinijibu kwamba yalinuka kweli, tusisingiziane. Tukacheka, na kila aliyecheka aliumia shavu. Kisha nililia, naye akaniacha nilie.

Alitoa chupa kwenye kikapu. Yalikuwa mafuta ya zamani, harufu ya chakula cha juzi. Alisema weusi huu si kovu, ni ngozi imekasirika, utaondoka kwa miezi, mradi tusitoke nao juani. Hakuniahidi siku. Nilimwambia aanze yeye kulala, nimpake. Alikataa, nikamvuta. Basi nikamlaza mapajani kwangu na kumpaka, kidole gumba mviringo juu ya mviringo, jinsi nilivyokumbuka, na ngozi yake ilikuwa ya moto, laini, imechoka. Nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda siku zote za kupakwa.

"Chupa za ndimu nimeuza kumi na nne," alisema, macho ameyafumba. "Nyingine zitateremka Kyela na wafanyabiashara. Lazima nizirudishe leo."

"Watu watakuona hivyo. Watasema Bi Asia ameungua kwa dawa yake mwenyewe. Hawatarudi tena."

"Ndivyo nitakavyowaambia."

"Na jina?"

Nilihisi taya lake likikaza chini ya kidole changu. "Kama jina litakwenda, liende," alisema. "Lisibaki kwenye shavu la mtu mwingine."

Aliinuka, akaokota kikapu. Alikuwa na miguu mibovu na nyumba kumi na nne za kupitia. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye madirisha, jua halikuwepo la kuogopa. Nilichukua kikapu mkononi mwake. Mama alininyooshea kitenge changu, nikamwambia akiweke.

Tulianzia kwa mzee Lukasi, dereva mstaafu, aliyenunua chupa kwa ajili ya mguu wake. Tulipiga hodi. Akafungua mlango, akamtazama Bi Asia, akanitazama mimi, akamrudia Bi Asia, mdomo wazi, asijue aanze kumpa nani pole.