Mzee Aliyeonja Moto wa Pikapu

Alhamisi, 15 Julai 2004. Manyunyu tangu asubuhi, na milima imefunikwa na ukungu.

Naandika jambo la mwaka jana. Lilitokea, na sikuwa nimekunywa. Kama kuna mahali nimekosea, ni kwa kusahau, si kwa kudanganya. Shule niliacha darasa la saba, lakini macho niko nayo.

Pikapu yangu ilikuwa imeungua kompyuta, ile boksi inayoamua injini ipate petroli lini na moto lini. Ilizima barabara ya Kola mke wangu Ndunge akiwa ndani na uchungu wa kuzaa, na mtoto wetu wa kwanza akafia hapo. Wakati huo Ndunge alikuwa na mimba tena, miezi minane. Unaelewa kwa nini nilitaka gari iwake?

Boksi nyingine haikupatikana. Rafiki yangu Mutua, fundi wa redio hapa Machakos mjini, akatoa michoro kwenye mtandao pale saiba, tukaanza kujenga yetu wenyewe. Kwenye puli ya injini, ile inayozungusha mkanda, tulifunga gurudumu la meno, jino moja limetolewa. Kando yake kuna sumaku inayohesabu meno. Ikifika kwenye pengo, boksi inajua injini iko wapi, inatuma moto. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yetu. Wiki tatu injini ilikohoa tu.

Mutua alikuwa na tabia ya mafundi wa redio: kupima betri ndogo kwa ulimi. Siku moja alikuwa anapima hivyo, kama saa tisa mchana, mzee mmoja akasimama mlangoni mwa kibanda tulimoegesha pikapu. Koti nzuri, kavu kabisa, na nje kulikuwa kunanyesha.

"Habari ya kazi, wanangu."

"Mzuri, mzee. Inatushinda."

"Huyu analamba vitu vya watoto," akasema, akimwangalia Mutua. "Nipe ile waya kubwa ya koili."

Mutua akacheka. "Mzee, hiyo ina volti maelfu, itakutupa mpaka Konza."

"Zungusha injini," mzee akaniambia.

Nilizungusha. Kosa hapo ni langu. Mutua hakugusa ufunguo. Mzee akaweka waya mdomoni, akainyonya kama muwa. Mashavu yakawaka buluu kutoka ndani. Hakuruka. Alifunga macho kama mtu anayeonja supu. Harufu ilikuwa ya kwato za mbuzi zikichomwa, na mate meusi, mazito, yakadondoka juu ya boksi yetu. Ulimi alipoutoa ulikuwa na magamba, kama kidonda kilichokauka na kupasuka mara nyingi.

"Moto unachelewa," akasema. "Mmehesabu pengo vibaya. Sogezeni meno mawili."

Tulisogeza. Injini ikawaka, laini. Tulipogeuka kumshukuru hakuwa hapo, na matope ya mlangoni hayakuwa na alama ya kiatu. Pengine alikanyaga mawe. Siwezi kuapa.

Lakini hili naapa: mwisho wa ile waya kulibaki kipande cha ulimi, kama kucha ya kidole gumba, kimegandana na shaba. Kilikuwa kinatetemeka kila moto ulipopita. Mutua alitapika kwenye debe la oili chafu.

Nikatupa waya, nikaweka mpya. Injini ikakataa. Nikairudisha ile, ikawaka. Nilijaribu mara nne, niamini.

Hiyo pikapu ndiyo ilimfikisha Ndunge hospitali, na Mwende wetu akazaliwa mzima. Kwa hivyo niwe wa haki: mzee alisema ukweli na hakuitisha kitu.

Lakini kile kipande hakijaoza mpaka leo. Kila Jumapili nafungua boneti nikiwa peke yangu, nafuta mate meusi ambayo bado yanakitoka, kitambaa nakichoma. Ndunge hajui. Mutua hakanyagi kwangu tena, na betri anapima kwa mita.

Wewe unayetengeneza vitu kwa mikono, nisikilize: mtu akitaka kuonja kazi yako, mkatalie kabla haijawaka. Ikishawaka, na watu wako wakapanda ndani, utakataa vipi?

Jioni hii Ndunge amepika muthokoi na mchicha. Nimekula nje, nikasema ndani kuna moshi, lakini ni kwamba siwezi tena kutazama mtu akionja chakula.