Presha Nzuri ya Mzee Barnaba

Jamani, hebu sikieni. Mimi ni nesi kwenye kliniki ya Rågsved, huku Uswidi, na mwongozo mpya wa presha unataka mgonjwa ajipime mwenyewe nyumbani. Mzee Barnaba nilishamgombeza sana kwa presha yake kuwa juu, basi nikamwazima mashine. Aliirudisha na vipimo vya kupendeza, daktari akampunguzia dawa. Kichwa kikanivimba! Nikamwita mkutanoni awaeleze wenzangu siri yake, nami nitafsiri kwa Kiswidi.

“Binti yangu,” akasema kwa upole, “presha yangu ilikuwa inakuudhi. Nikaona nisikuaibishe kwa daktari wako. Nikampima mama watoto. Yake ndiyo nzuri.”

Dawa tulishampunguzia!

Wenzangu walikuwa wameanza kupiga makofi.

“Anasemaje?” daktari akaniuliza, akitabasamu.