Maji Aliyoyatema Mama Mghoi

Nilitoka Voi kwa sababu ya fomu moja isiyotiwa sahihi. Ilikuwa ya malalamiko kwa tume ya taifa ya haki za binadamu, na niliijaza mwenyewe katika ofisi ya msaada wa kisheria ninakojitolea tangu nistaafu ualimu. Msichana aitwaye Mghoi alinyimwa kitambulisho kwa kuwa alizaliwa ng'ambo ya mpaka, wazazi wake walipokuwa wakiuza vitunguu Tanzania. Karani mmoja alimwambia arudi kwao. Bila kitambulisho angepoteza nafasi yake katika chuo cha uuguzi. Shahidi wetu alikuwa mama yake, Mkenya mzaliwa wa Wusi, kijiji cha milima ya Taita, lakini fomu niliyompelekea ilirudi bila sahihi.

Saa tatu asubuhi nilikuwa Mwatate, nikapanda bodaboda. Njia hupinda kati ya migomba na vishamba vya maharagwe vilivyoshikilia mlima, na kila kona baridi huongezeka. Nilimshukuru mke wangu aliyenilazimisha kubeba sweta.

Nilipofika Wusi, Mghoi alinipokea barabarani. Mama yake alitupakulia kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, akaniuliza habari za mvua, za wajukuu, za goti langu, za kila kitu ila fomu. Sahani zilipoondolewa ndipo akasema, "Mwalimu, yule karani nilishamtasia."

Kutasa ni desturi ya Wadawida, yaani Wataita. Mwenye kinyongo huchukua maji kinywani, huyatema kwa kuyanyunyiza huku akitamka maneno ya heri, na hasira hutoka moyoni.

"Sasa nikitia sahihi kwamba nalalamika," akaendelea, "si nitakuwa nimeyalamba yale maji?"

"Mama hutasia kila mtu," Mghoi akasema. "Hata mbuzi wa jirani akila sukuma wiki zetu."

Mama akamwambia anyamaze, lakini alikuwa akitabasamu.

Nami, kama mwalimu, nikaanza somo. Nikaeleza kwamba tume ya taifa huchunguza na kupatanisha, na mahakama zetu zipo. Juu yake iko tume ya Afrika nzima, na kule Geneva ziko kamati za kimataifa. Hao mara nyingi huuliza kwanza kama ulibisha hodi nyumbani, kwa vyombo vya nchi yako. Mama alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho.

"Na hao wote," akauliza, "wamemkasirikia karani?"

Hapo nikaona kosa langu. Nilikuwa nimemhesabia milango bila kumwambia kilichomo ndani. Nikamuuliza: jirani akiziba mfereji wake wa maji, naye mama akamsamehe, je, mfereji hufunguka wenyewe?

"La. Twaenda kuuzibua."

"Na jirani?"

"Huja na jembe lake. Tumeshapatana."

Nikamwambia tume ni jembe hilo. Haimtafutii mtu hasira, inazibua palipoziba. Sheria yasema mtoto wa Mkenya ni Mkenya, popote alipozaliwa.

Akamtazama bintiye. Kisha akaniamuru niandike: "Karani sina kinyongo naye. Moyo wangu ni mweupe. Lakini mtoto ni wangu, na kitambulisho bado." Akatia sahihi polepole, herufi moja moja.

Alasiri nilishuka, fomu ndani ya sweta. Kesho yake niliipeleka tume. Afisa aliyeipokea aliyasoma yale maneno mara mbili kabla ya kugonga muhuri.

Tume iliwaita wote wawili, mama na karani. Mghoi alipata kitambulisho wiki moja kabla ya chuo kufunguliwa, na aliyemkabidhi ni karani yule yule. Karani alishindwa kuinua macho. Mama ndiye aliyetangulia kumpa mkono, akamuuliza kama watoto wake hawajambo.

Bado nafundisha milango hiyo, ya nyumbani na ya mbali. Ila siku hizi, mtu akikaa mbele yangu na fomu, humuuliza kwanza kama ameshatasa. Akisema ndiyo, namwambia basi twende na jembe.