Mkono wa Mwenyekiti

Mwaka ule nilikuwa katibu wa ushirika wetu wa matunda, Mkuyuni. Siku moja akaja mama mwenye duka la matunda mjini Morogoro. Alitaka machungwa, ila makubwa tu. Akatupatia pete nene ya plastiki, upana wake kama mdomo wa kikombe.

"Chungwa likipenya humu, kuleni wenyewe," alisema. "Likikwama, ni langu. Jumamosi nakuja na gari."

Mwenyekiti wetu, mzee makini asiyeliamini kabati la ofisi, akaivaa pete mkononi kama bangili ili isipotee. Adhuhuri, alipokuwa akitawadha, akaisukuma juu ya kiwiko maji yapite vizuri. Haikurudi.

Tulijaribu sabuni ya mche, tukajaribu mafuta ya nazi. Wanachama wawili wakamvuta, mmoja mkono, mwingine kiuno, mpaka akapiga kelele, "Jamani, mimi si muhogo!"

Nikashauri tuikate. Akanitolea macho. "Mali ya mteja, katibu? Haikatwi."

Basi tukapima machungwa kwa mkono wenyewe. Mwenyekiti aliketi mlangoni pa ghala, mkono kaunyoosha, na kila mkulima akaja na tenga lake kulinganisha chungwa na unene wa mkono kando ya pale pete ilipobana. Kina mama walimpa pole kwanza, ndipo wakabishana.

"Mbona kwa jirani yangu umelegeza msuli, kwangu umekaza?" mmoja alilalamika.

"Wallahi sijakaza kitu!"

Kweli hakukaza. Mkono ulikuwa unavimba. Machungwa tuliyoyakubali Alhamisi yalikuwa ya kawaida. Ya Ijumaa jioni yalikaribia kuwa mabalungi. Mkulima wa mwisho alirudi nyumbani na tenga zima, akinung'unika kwa Kiluguru.

Jumamosi mama akafika. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mwenyekiti alikuwa amevaa koti la sufu katika joto lile.

"Pete yangu iko wapi?"

Nikamsaidia mzee kuvua koti. Mama akatazama, akakaa juu ya tenga, akacheka mpaka machozi. Kisha akafungua mkoba: pete tele.

"Hivi ni vipande vya bomba tu, baba yangu. Fundi ananikatia bure."

Dereva wake akaleta msumeno, akaikata taratibu. Mama alichukua machungwa yote ya Ijumaa na nusu ya yale ya Alhamisi. Mwenyekiti alijikuna palipobanwa, amefumba macho kwa raha, huku sisi tukipakia.