Nyimbo za Christophe Zilizolala Kwenye Kanda

Domitille alikuwa fundi wa kompyuta katika redio moja ndogo ya Ibanda, na hakuna kilichomchangamsha kama mashine iliyowashinda wengine. Diski ya redio ilipoungua, zilipotea nyimbo zote ambazo marehemu Christophe aliitungia kwaya ya mtaa wa Bagira. Hazikuwa zimeandikwa popote. Ndipo Domitille akakumbuka kwamba fundi aliyemtangulia alikuwa na mazoea ya kuhifadhi nakala kwenye kanda za sumaku.

Alipekua kabati mpaka akazipata. Kompyuta iliyozirekodi nayo ilikuwa bado chini ya meza, imejaa vumbi, ikiendeshwa na programu ya Linux ya zamani mno. Aliiwasha. Ikawaka! Lakini mashine ya kusomea kanda ikagoma, maana kigurudumu chake cha mpira kilikuwa kimeyeyuka kama gundi.

Domitille alikimbilia famasia, akanunua mrija wa serumu, ule wa kutundikia wagonjwa maji, akakata kipete chembamba na kukivika kwenye kigurudumu. Kanda ikazunguka. Kisha skrini ikatoa jibu: haisomeki.

"Imekufa?" aliuliza Eulalie, mtangazaji wa redio, binti wa Christophe.

"Hapana, maman. Kama iko nazunguka, haiyakufa."

Akafikiri. Huenda kanda iliandikwa kwa vipande vya data vya kipimo kingine, na mashine inasubiri kipimo ilichokizoea. Akaiamuru ipokee kipande cha kipimo chochote. Hapo majina ya nyimbo yakaanza kuporomoka kwenye skrini, moja juu ya jingine.

"Ni yenyewe!" Domitille alipiga kelele. "Eulalie, njo zile nyimbo!"

"Mungu wangu, courant isikatike!"

Umeme haukukatika. Alihamishia wimbo wa kwanza kwenye kompyuta mpya, akafungulia sauti. Kwenye spika mwanaume akakohoa, akasema, "Basoprano, mungojee kwanza."

Eulalie alijishika kichwa. "Njo papa, baba yangu mwenyewe! Alikuwa anakohoa vile vile!" Alikuwa analia na kucheka, huku mkono ukitafuta simu. "Alo, Bagira? Mukuje! Mukuje bote, sasa hivi!"

Wanakwaya wakaja, studio ikajaa hadi mlangoni. Wakasikiliza nyimbo zote; mmoja tu ulikatika katikati, pale kanda ilipokuwa imeharibika. Wanakwaya walibishana juu ya mwisho wake, kila mtu akiimba wa kwake kwa sauti kubwa, na Domitille, ambaye hakuwahi kuimba hata kanisani, akajikuta ameingia upande wa sauti za juu, kwa basoprano.