Mstari Mwekundu Ndani ya Ndoo

Ukitaka kujua familia inakula nini, usiwaulize wenyewe. Watakudanganya mchana kweupe, tena huku wanakukazia macho. Bi Mwiko, mpishi wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na mmoja, hakuwahi kumuuliza mzazi yeyote swali hilo. Yeye aliangalia ndoo ya makombo.

Ilikuwa ndoo ya plastiki, nyeupe hapo zamani, ikikaa karibu na mlango wa bwalo. Mtoto akimaliza kula hupita pale, hukung'uta sahani, huenda zake. Bi Mwiko husimama kando na mwiko wake mrefu, akiona kila kinachodondoka. Yupo anayefukia mboga chini ya wali akidhani mpishi hana macho. Yupo anayezijaza mdomoni, akatoka nazo mashavu yamevimba, akazitemea kwenye maua ya mwalimu mkuu. Na yupo binti wa darasa la kwanza, mtoto wa mfamasia, ambaye Bi Mwiko alimbandika jina la Hakimu, kwa sababu chakula kikiwekwa mbele yake hukitazama kimya muda mrefu kabla ya kukitolea uamuzi. Mboga za majani hazijawahi kushinda kesi kwake.

Siku ya kikao cha wazazi alikuja afisa lishe, dada mpole mwenye miwani na rundo la karatasi. Alitaka kujua familia zinafikiri nini juu ya kuwazoesha watoto chakula bora. Walikaa bwaloni. Bi Mwiko alikuwa nyuma ya dirisha la kupakulia, akisugua sufuria iliyokuwa imeshatakata tangu asubuhi.

"Sisi kwetu ni matunda tu," alisema baba mmoja wa benki, tai imemkaba shingo. "Sukari haikanyagi nyumbani."

Bi Mwiko alisonya. Mtoto wa bwana huyo huja shuleni mifuko imejaa peremende, na meno yake ya mbele yamebaki vigutu. Sukari haikanyagi, sawa, labda inapitia dirishani.

Akafuata mama mwenye saluni. Yeye, alisema, ni mtu wa kumtia mtoto moyo. Akimaliza mboga anapewa soda. Asipomaliza anapewa nusu soda, asijisikie vibaya. Wazazi wenzake walitikisa vichwa kana kwamba wamesikia jambo la maana, na dada wa lishe akaandika. Sijui aliandika nini hapo. Kisha akasimama mfamasia, mama yake Hakimu, akaeleza kwa fahari jinsi anavyosaga karoti laini kabisa na kuzificha ndani ya nyama ya kusaga.

"Mwaka mzima sasa," alisema, "na mtoto hajagundua."

"Na wewe mwenyewe, mama, karoti unakula?" aliuliza dada wa lishe.

"Mimi? Mimi karoti zinanipa kiungulia."

Mwalimu mkuu, mtu anayependa kila kikao kiishe kabla chai haijapoa, akaona mwanya. Kwa kuwa watoto wanakula vizuri hivyo majumbani, alisema, huenda shule inahangaika bure na mboga ambazo mwisho wake ni ndoo. Wapo watu tayari kuleta biskuti za pakiti zenye vitamini, hata moto hazihitaji. Wazazi wakapiga makofi. Hao hao wa matunda tu.

Bi Mwiko aliweka sufuria chini. Zile mboga ndizo zilizokuwa kazi yake hasa, kwa maana maharage hujipika yenyewe ukiyaacha. Mboga huzichambua jani kwa jani, huziosha maji matatu mpaka mchanga uishe, huzikata mpaka vidole vinageuka kijani. Leo abaki kuchana pakiti? Mwiko wake uwe wa kujikunia mgongo? Alitoka jikoni, akaibeba ndoo pale mlangoni, akaitua mezani katikati ya karatasi za dada wa lishe.

"Bi Mwiko, jamani," alisema mwalimu mkuu. "Tuko kwenye kikao."

"Najua, Mwalimu. Nimeleta mchango wangu. Watoto wenu mnaowasifu hawa hapa. Baba, hii ndizi ni ya mwanao, kaiuma mara moja. Mama, hizi mboga ni za wako, leo hapakuwa na soda." Akawatazama mmoja mmoja. "Mnapiga domo hapa mpaka mate yanawakauka, na hakuna mmoja wenu aliyesema neno la kweli."

Bwana wa benki aliziba pua. Mwalimu mkuu, ili kuficha aibu, alichukua rangi nyekundu kwenye kabati la sanaa akachora mstari ndani ya ndoo, nusu kamili. Akatoa wiki tatu. Ijumaa ya mwisho mboga zinazotupwa zikiwa chini ya mstari, zitaendelea kupikwa. Zikigusa mstari, zinakuja biskuti.

Wiki ya kwanza Bi Mwiko alitumia vitisho. Aliwaambia watoto kwamba asiyekula mboga atapofuka. Walikwenda kukaa nje, wakafumba jicho moja moja kujipima, wakaona wanaona. Ndoo ikajaa. Wiki ya pili, na hapa ndipo mtu anapojidhalilisha mwenyewe, Bi Mwiko aliyewacheka watu wa soda alitia sukari kwenye mboga. Hata wale wachache waliokuwa wakila siku zote wakaacha. Alipoona hivyo akazikatakata ndogo mno, akazichanganya na maharage, akajitia hamnazo.

Hakimu aliokota vipande hivyo kimoja kimoja akavipanga ukingoni mwa sahani.

"Bibi, hii ni mboga," alisema bila hasira. "Umeificha."

"Nani kakwambia?"

"Mama naye anaficha karoti. Mimi nakula tu ili afurahi."

Alhamisi ya wiki ya tatu mtoto yule alikuja tena, safari hii mpaka dirishani, akasimama kwa ncha za vidole. Ndani, Bi Mwiko alikuwa na chai na mkate wake wa siagi, kama kawaida.

"Bibi, wewe unakula nini?"

"Mimi nitakula baadaye."

"Unakula mkate. Kila siku, tunakuona." Akafikiri kidogo. "Mama hali karoti. Wewe huli mboga. Wanaopewa ni watoto tu. Tumekosa nini?"

Akaenda zake kucheza. Bi Mwiko alibaki ameshika kipande cha mkate. Ukweli ambao hakuna mtu mzima aliyeujua ni kwamba mboga hazijapita kooni mwake tangu akiwa na miaka saba, siku mama yake alipombana pua na kumsukumia kijiko mdomoni. Aliapa siku ile. Jikoni hugusa mchuzi wa mboga kwa ncha ya ulimi, hutema, husema tayari. Miaka ishirini na mmoja anawadharau wazazi wa watu, kumbe yeye ndiye kinara wao.

Ijumaa alijipakulia sahani mbele ya watoto wote. Kwa ubishi wake, alijaza mboga kilima. Akaketi kwenye benchi la darasa la kwanza, magoti yamemgusa kidevu, mkabala na Hakimu. Alipotia kijiko cha kwanza mdomoni, watoto nao wakaanza, wengine kwa kumvizia tu waone kama atatema. Hakutema. Sahani zikapita kwenye ndoo moja baada ya nyingine, na nyingi zilipita tupu.

Mwalimu mkuu aliinama juu ya ndoo, dada wa lishe ubavuni mwake. "Kimebaki kidole kimoja kugusa mstari," alisema. "Nani hajamaliza?"

Zilibaki sahani mbili, ya Hakimu iliyofika nusu, na ya Bi Mwiko, ambayo kilima chake kilikuwa hakijapungua cha kuonekana. Hiyo peke yake ingeuvuka mstari. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Chumvi imezidi," alisema kwa sauti ndogo.

"Tunajua," alijibu Hakimu. "Inazidi kila siku."

Bi Mwiko alitafuta wa kumsonya, akamkosa. Alitazama mlango, akatazama ndoo. Hakimu akasogeza sahani yake karibu na ya bibi, zikagusana.

"Ukimaliza, na mimi namaliza," alisema, akaweka mikono mapajani akingoja.

Bi Mwiko akashika kijiko. Kule dirishani chai yake ilikuwa imeshapoa.