Namba Tasa ya Robi

Juzi niliona 9973 imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa duka pale Nyamisangura, na harufu kali ya udaga ikanirudia puani.

Siku ile ya utotoni tulikuwa kwa shangazi, yeye akimenya muhogo wa kuvundika udaga. Tangu mchana dada yangu Robi alikuwa akiigawanya namba hiyo aliyopewa na mwalimu, akiandika kwa mkaa juu ya jiwe. Mwishowe akasema, "Shangazi, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ni namba tasa."

"Una akili, mwanangu," shangazi akamwambia, akamvuta akae karibu naye.

Mahali pale palikuwa pangu siku zote. Nikaona wivu. Nilidhani tasa ni sifa ya kitu kilichoshinda vingine, nikataka kumsifu shangazi kuliko Robi alivyoisifu namba yake.

"Hata wewe shangazi ni tasa."

Kisu kikasimama. Shangazi hakuwa na mtoto, lakini sikujua kwamba jambo hilo lina jina.

"Nani kakufundisha?"

"Robi."

Robi akaambiwa arudi nyumbani. Nikakaa mahali pangu. Shangazi akaendelea kumenya, na hakuniita mwanangu.